Huruma kwa watangazaji waliofutwa imepotea njia

Kwako Mhariri,

Nipe nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu watangazaji watatu wa Homeboyz Radio wafutwe kazi mwishoni mwa Machi 2021. Mimi ni muuguzi mstaafu. Muda wangu mwingi kazini niliupitisha katika wodi za mifupa na za upasuaji hapa Nairobi. Siwezi kunyamaza nikiwaona Wakenya, wake kwa waume, wakiwalilia watangazaji hao kana kwamba wao ndio waliotupwa kutoka ghorofani.

Nieleze kwanza kwa wasiofuatilia. Mwezi huo nchi ilisikia habari za mwanamke mwenye umri mdogo aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofa ya 12 ya jengo moja katikati ya jiji. Alikwenda kuonana na mwanamume waliyejuana kwenye Facebook. Akanusurika, na akasema mwenyewe kwamba alisukumwa kwa sababu alikataa alichotakiwa. Mshukiwa amefikishwa mahakamani, na ya mahakama tuiachie mahakama. Basi asubuhi moja Shaffie Weru, Neville Musya na DJ Joe Mfalme wakaliingiza jambo hilo katika kipindi chao cha Lift Off. Kwa ufupi, kilichotoka hewani ni kwamba wanawake wa siku hizi wanajirahisisha mno, wanawaendea watu wasiowajua, kwa hiyo yakiwapata wamejitakia. Yalisemwa kwa sauti ile ile ya porojo za asubuhi, baina ya wimbo na tangazo, huku msichana wa watu yuko kitandani.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Wanawake walikuja juu mitandaoni na wanaume wengi waungwana wakawaunga mkono. EABL, kampuni ya bia inayotangaza sana katika redio zetu, ikasimamisha matangazo yake katika kituo hicho. Mamlaka ya Mawasiliano, inayosimamia redio na televisheni, ikatoza faini ya shilingi milioni moja, ikasimamisha kipindi kwa miezi sita na kuagiza wafanyakazi wapewe mafunzo ya kanuni za utangazaji. Radio Africa Group, wenye kituo, wakawafuta kazi wote watatu. Yote hayo yalitokea ndani ya siku chache.

Mimi nasema walifutwa kwa haki. Nalisema waziwazi ili msomaji asihangaike kunitafuta niko upande gani.

Kisha ikaja huruma. Katika kundi letu la WhatsApp la ukoo, mpwa wangu mmoja aliandika: "Shangazi, hawa ni watu wana familia, na saa hii kila mtu anatafuta unga." Mwenye bucha ninayenunua nyama akaniambia Wakenya wamekuwa wakali kupita kiasi, kosa moja tu wanakuharibia maisha. Hata kina mama tunaosali pamoja, ambao ningetarajia wawe wa kwanza kuuliza habari za yule binti, walikuwa wakiuliza habari za yule DJ, atalipaje kodi ya nyumba.

Nianze na hoja ya unga. Ijumaa ya Machi 26, katika siku zile zile za sakata hili, Rais Uhuru Kenyatta alifunga kaunti tano, Nairobi ikiwemo, kwa ajili ya korona. Baa zikafungwa. Hoteli zikaambiwa ziuze chakula cha kubeba tu. Kafyu ikaletwa saa mbili usiku. Matatu tayari zilikuwa haziruhusiwi kujaza abiria. Katika ploti ninayoishi wapo akina dada wanaohudumu kwenye baa, na jioni hiyo walirudi mapema na mikoba yao, hawana mshahara wala tarehe ya kurudi kazini. Hawakumtusi mtu, hawakumwambia mgonjwa kwamba alijitakia. Hakuna aliyewaanzishia mjadala mitandaoni, hakuna aliyepiga simu redioni kuuliza watoto wao watakula nini. Kwa hiyo mtu akiniambia huruma yake ni ya unga, namuuliza mbona inamfikia mtu maarufu na haivuki ua kwenda kwa jirani. Nadhani tunawalilia kwa sababu sauti zao tunazijua. Zimeamka nasi, zimepanda matatu nasi, Shaffie Weru kwa miaka mingi akiwa redio ya Kiss kabla ya kuhamia Homeboyz. Sauti ya yule mwanamke hatuijui. Ndiyo maana ni rahisi kuwa na uchungu na hawa.

Lakini hoja iliyonifanya nishike kalamu ni ile ya pili, kwamba hayo yalikuwa maneno tu, na maneno hayamsukumi mtu dirishani.

Nitasema nilichokiona wodini. Mtu anayeanguka kutoka juu akafika hospitali yu hai huja amevunjika visigino, nyonga, mara nyingi na uti wa mgongo. Anawekwa kitandani kwa wiki nyingi, na ikiwa mgongo umeumia unamgeuza kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulalia. Amewekwa mpira wa mkojo. Analishwa, anaoshwa na watu asiowajua. Ana saa nyingi mno za kufikiri. Na wodini kuna redio. Wodi zote nilizofanya kazi zilikuwa na redio, ya mgonjwa au ya mhudumu, imewekwa dirishani ishike vizuri, na asubuhi tunapotandika vitanda inakuwa kwenye kipindi ambacho mji mzima unasikiliza.

Nakumbuka mama mmoja, sitamtaja wala sitaitaja hospitali. Aliletwa amevunjika mikono yote miwili. Mumewe ndiye aliyejaza fomu za kulazwa, na katika karatasi zikaandikwa kwamba aliteleza kwenye ngazi. Nyumba waliyokaa haikuwa na ngazi. Sisi wauguzi tunajua. Mtu aliyeteleza haumii namna ile. Nilikaa naye siku kadhaa bila kumsukuma, nikimlisha uji, hadi akaanza kufunguka. Nikamweleza kuhusu fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha ya mtu aliyedhuriwa, kwamba polisi wataitoa, daktari ataijaza, na kwamba kuna mahali pa kwenda akitoka. Akakubali kwamba kesho yake tungemwita afisa.

Kesho yake asubuhi redio ilikuwa na mada. Mtangazaji, si hawa waliofutwa na wala si kituo hicho, alikuwa akiwauliza wasikilizaji wapige simu waseme kama kuna wanawake ambao lazima "warekebishwe" ndipo nyumba itulie. Simu zikamiminika. Wodi nzima ikasikiliza. Wengine walicheka, hata wagonjwa wenzake. Nilikwenda nikaizima, mwenye redio akanung'unika. Nilipomrudia yule mama kumuuliza juu ya afisa, akageuza uso ukutani akasema, "Sista, wacha tu. Watauliza nilifanya nini."

Hakuandikisha lolote. Alirudi nyumbani kwa mwanamume yule yule.

Hiyo ndiyo kazi ya "maneno tu". Hayamsukumi mtu dirishani, ni kweli. Yanamfunga mdomo aliyesukumwa, na yanamfahamisha msukumaji kwamba mji ukisikia utamuuliza mwanamke kwanza. Mwanamke akifika kwenye dawati la polisi, anakutana na mtu aliyesikiliza kipindi kile kile akija kazini. Akifika kwa shemeji zake, nao wamekisikiliza. Hata wauguzi, nakiri kwa niaba ya taaluma yangu kwa uchungu, wapo wanaomchoma mgonjwa sindano huku wakimuuliza alikuwa anatafuta nini huko usiku. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kudhuriwa mwilini tangu wafike miaka 15. Karibu nusu. Ukiongea kwenye redio asubuhi, karibu nusu ya wanawake wanaokusikia katika matatu wamepitia jambo hilo. Unaongea nao. Mzaha wako unawaingia wao kwanza.

Na tusijifanye tumelisikia mwaka huu tu. Aprili 2019 mwanafunzi wa udaktari aliuawa kwa shoka mchana kweupe mjini Eldoret, nje ya hospitali alikokuwa akijifunza. Kabla hajazikwa, watu walikuwa wameshapitisha hukumu kwamba bila shaka alikula pesa za mwanamume. Mchezo mzima wa maneno umejengwa juu ya hilo, "kula nauli", yaani mwanamke kuchukua pesa za nauli alizotumiwa na mwanamume asiende, "Timu Mafisi", wanaume wazima wakijiita fisi na kupigiwa makofi. Wazazi wa binti yule walilazimika kumlilia mtoto wao na kumtetea kwa wakati mmoja. Wangapi kati yetu tuliosambaza vichekesho vile tuliwahi kuwaza kwamba simu ya mama yake nayo ina WhatsApp?

Wapo wanaosema watangazaji walikuwa wakitoa ushauri, kwamba msichana asiende kuonana na mtu wa Facebook chumbani. Ushauri huo nimeutoa mara nyingi kwa mabinti wa kwetu. Mwambie mwenzako unakokwenda. Onaneni mahali penye watu. Acha namba ya huyo mtu nyumbani. Ni ushauri mzuri, na unatolewa kabla, kwa upendo, kwa mtu anayeweza kuutumia. Ukimpa aliyekwisha kuanguka ghorofa kumi na mbili, hapo umemhukumu. Tena upande wa wanaume ulinyamaziwa. Kama kweli ni ushauri wa usalama, mbona hakukuwa na dakika hata moja ya kumwambia mwanamume anayesikiliza kwamba mwanamke akisema hapana, mfungulie mlango aende zake? Sentensi hiyo ingechukua muda mfupi kuliko tangazo la sabuni.

Kuna suala la DJ Joe Mfalme, ambaye wengi wanasema hakusema mengi, kwamba kazi yake ilikuwa muziki na ameponzwa na wenzake. Hili nimelifikiria sana, maana sipendi mtu aadhibiwe kwa kosa la mwingine. Lakini nilipokuwa kazini, muuguzi akimdhalilisha mgonjwa mbele yangu nami nikaendelea kufunga bendeji, mgonjwa anakuwa ametendewa na wawili. Studio haina watu wengi. Kila mwenye kipaza sauti anaweza kusema, "Hapana, ndugu yangu, hilo siyo," na maneno yale machache yanabadilisha kipindi kizima. Anayepandisha na kushusha sauti ya muziki ana uwezo mkubwa zaidi, angeweza kuweka wimbo. Nakubali kwamba uzito wa makosa si sawa. Pengine adhabu zingetofautiana. Kusema hana hatia yoyote, hapo siwezi kufika. Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na katika redio ulimi wa mwenzako nao uko mbele yako, unauona unavyokwenda.

Hata hivyo, sifurahii kila kilichofanywa kwa jina la kuwatetea wanawake. Nimesoma watu wakiwatukana mama wa watangazaji hao matusi ambayo siwezi kuyaandika, wakiwaombea mabinti zao yawapate kama yaliyompata yule mwanamke. Huo ni ule ule ugonjwa. Huwezi kumtetea msichana kwa kumtakia msichana mwingine mabaya. Na wanaodai wasiajiriwe tena popote maishani, hao siko nao. Siwatakii njaa. Wana vipaji, bado wana nguvu, na mtu anaweza kujifunza. Baadhi yao wameomba radhi na ninaipokea. Ninachotaka kusikia siku watakaporudi hewani ni radhi inayomtaja aliyekosewa, si ile ya "kama kuna yeyote aliyekwazika". Na ningependa warudi wakiwa wameshakaa hata siku moja katika kituo cha kuwahudumia wanawake waliopigwa, wasikilize bila kipaza sauti.

Sasa nigeuke upande wa wakubwa, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo kubwa zaidi.

Kipindi cha asubuhi hakijitengenezi. Kina mtayarishaji, kina mkuu wa vipindi, kina watu wa mauzo wanaojua kabisa kwamba mada ya mwanamke na mwanamume ndiyo inayoleta simu, na simu ndizo zinazoleta matangazo. Mada hizo zimechaguliwa kwa miaka, katika vituo vingi, si kimoja. Nani amemdanganya nani, nani anyang'anywe watoto, mwanamke gani ni wa kuoa na yupi ni wa kupitia. Kanuni za utangazaji za nchi hii zinasema kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni muda ambao watoto wanasikiliza, na vituo vichunge kinachotoka. Lakini panda gari la shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usikilize dereva ameweka nini na watoto wa darasa la tatu wamekaa nyuma yake kimya wakisikiliza. Sheria hiyo ipo miaka yote. Watangazaji walikuwa wakisifiwa kwa uhodari wa kuikaribia bila kuivuka, na waliokuwa wakiwasifu ndio waliosaini barua za kuwafuta. Hata ile kampuni ya bia, ambayo naishukuru kwa kujitoa, na makampuni mengine ya simu, ya benki, ya unga na ya sabuni, yalikuwa yakilipia dakika katika vipindi vya namna hiyo siku zote. Pesa zao zilijua kuondoka mara tu nchi ilipochachamaa. Zingeweza kuuliza mapema.

Kwa hiyo watu watatu wameondoka na mapishi yamebaki jikoni. Baada ya miezi sita kipindi kitafunguliwa, watawekwa vijana wengine wenye sauti tamu na mshahara mdogo zaidi, nao wataambiwa na mkuu yule yule walete simu. Wakipita kiasi watafutwa nao. Hilo si jambo la kuwalinda wanawake hata kidogo. Na ninyi mnaowahurumia watangazaji, hapa ndipo huruma yenu ingefaa kitu. Dai kwamba aliyechagua mada aulizwe pia. Dai kwamba mkataba wa mtangazaji umruhusu kukataa mada bila kupoteza kazi. Hayo yangemsaidia yule DJ kuliko machozi.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano nina maombi mawili. La kwanza ni kuhusu faini. Shilingi milioni moja kwa kampuni yenye redio kadhaa na gazeti si mzigo, lakini kwa mgonjwa wa mgongo ni kitu kikubwa. Ni kiti cha magurudumu, ni godoro la kuzuia vidonda, ni miezi ya kunyooshwa viungo, ni nauli ya kwenda kliniki na kurudi. Sheria ikirekebishwa siku moja ili faini za makosa ya namna hii ziende kwenye vituo vinavyowatibu waliodhuriwa, nitakufa nimeridhika. Tuna namba ya simu ya bure, 1195, ya kusaidia watu wanaofanyiwa ukatili nyumbani. Ni watu wangapi wa Nairobi wanaoijua kama wanavyojua namba ya kupiga redioni? Vituo vilivyovunja kanuni viamriwe kuitangaza namba hiyo kila asubuhi, saa ile ile ya kipindi kilichosimamishwa, kwa miezi yote sita, bila kumlipisha mtu hata senti.

La pili ni yale mafunzo. Nimehudhuria mafunzo mengi kazini na ninajua yanavyoweza kufanywa. Watu wanaitwa hotelini, wanapewa kalamu na daftari, mkubwa anafungua kikao kisha anaondoka kwenda kwenye shughuli nyingine, na wadogo ndio wanaobaki wakisikiliza. Safari hii isiwe hivyo. Ninaliomba gazeti lako, Mhariri, lifuatilie na litueleze: mafunzo hayo yatafanyika lini, watakaofundisha ni akina nani, kama miongoni mwao yupo hata mwanamke mmoja aliyewahi kulazwa kwa kipigo na akakubali kusema, na kama mkuu wa vipindi na mkuu wa mauzo watakuwa wameketi darasani mpaka mwisho.

Muuguzi mstaafu,
Buruburu, Nairobi.
Aprili 2021